Kubebesha mkorosho chotara: kutoka kiriba hadi kikaangoni

Ukiokota korosho chini ya mkorosho mzuri ukaifukia ardhini, usitegemee kupata mti kama ule. Maua ya mkorosho hupokea chavua ya miti mingine, kwa hiyo kila mbegu na baba yake. Mkorosho chotara ndio kabisa, maana tayari umechanganya damu za wazazi wawili waliochaguliwa na watafiti. Panda mbegu zake kumi, utapata miti kumi yenye tabia kumi: huu unazaa sana, ule unatoa korosho ndogo, mwingine majani tu mwaka hadi mwaka. Ukiutaka mti wenyewe, chukua kikonyo chake, yaani kitawi kichanga, ukibebeshe: ukiunganishe juu ya mche mwingine. Mimi nafanya kazi hii Tandahimba, mkoani Mtwara, na nitaeleza kama ninavyomwonyesha kijana anayeanza kitaluni.

Hatua ya 1: Andaa mche shina (Septemba)

Mche shina, yaani mche wa chini utakaobebeshwa kikonyo, hauhitaji kuwa wa ukoo maarufu, ila uwe na nguvu. Chukua korosho za msimu uliopita, nzito, za ukubwa wa kati. Zitumbukize kwenye ndoo ya maji: zinazoelea tupa, zinazozama ziache humo hadi kesho yake. Jaza viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Fukia korosho kina cha sentimita tano hivi, upande ulioshikana na bibo (tunda lake) ukitazama juu. Weka kivuli chepesi cha makuti.

Kumwagilia kunataka kiasi. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya shida, na ndoo moja ina thamani yake, lakini hata wenye maji mengi wasiloweshe viriba kila saa. Mkorosho mchanga huoza shina kwa maji yaliyotuama.

Hatua ya 2: Tafuta kikonyo

Hapa ndipo thamani ya shamba lako inapoamuliwa, usiharakishe. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho chimbuko la aina bora za mikorosho nchini, zikiwemo chotara. Ulizia vikonyo huko, au kwa mwenye bustani ya mikorosho mama inayojulikana ilikotoka. Andika jina la aina kwenye kibao cha kila kundi la viriba. Mche usio na jina, baada ya miaka mitatu hutajua ukapande nini zaidi wala uache nini.

Chagua tawi changa lisilo na maua wala ugonjwa, lenye unene wa penseli, ncha yake ikiwa bado haijachipua. Siku saba hadi kumi kabla ya kulikata, ondoa majani yake ukibakiza vijiti vyake vifupi. Vijiti hivyo vitadondoka vyenyewe na chipukizi itavimba. Hiyo ndiyo dalili kwamba kikonyo kiko tayari. Kata asubuhi, funga kwenye kitambaa chenye unyevu, weka kivulini, ubebeshe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kubebesha (Novemba)

Mche shina wa wiki sita hadi nane unafaa, mradi unene wake ulingane na wa kikonyo. Kisu kiwe kikali cha kunyolea, na ukipanguse kila baada ya mche, kwani utomvu wa mkorosho hugeuka mweusi na kuchafua kidonda.

Kata kichwa cha mche shina, kama sentimita 15 kutoka kwenye udongo, ukiacha majani machache chini. Pasua katikati kwenda chini sentimita tatu au nne. Chonga kikonyo pande mbili kiwe kama kabari, kila upande kwa mkato mmoja ulionyooka. Ukichonga kwa kuparuza, panabaki nafasi za hewa na kidonda hakifungi. Ingiza kabari kwenye mpasuko. Ganda likutane na ganda, na kama unene umetofautiana, likutane upande mmoja angalau, maana chini tu ya ganda ndiko kuna tabaka hai linalounganisha. Funga utepe wa nailoni kwa kukaza, kisha vika kifuko cha plastiki, kile cha kugandishia barafu, juu ya kikonyo kisipoteze unyevu.

Chipukizi ikianza kufunguka, toa kifuko. Machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo yang'oe kila wiki bila huruma. Hayo ni ya mche shina, na ukiyaachia yatakula chakula chote, kikonyo kife.

Hatua ya 4: Shambani (Januari, mvua ikishika)

Mita 12 kwa 12, yaani miti 28 hivi kwa ekari. Wengi huona ni mbali mno. Mkorosho unazaa kwenye ncha za matawi yanayopata jua, na miti inayogusana inazaa kileleni peke yake. Nafasi ya katikati panda kunde, njugu mawe au ufuta wakati miti bado midogo. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, chana kiriba chote, kiungo kibaki juu ya udongo, fungua utepe ulioanza kubana. Maua ya mwaka wa kwanza yatoe.

Kuanzia Juni, baridi ya asubuhi na umande vikiingia, angalia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, kwenye maua na majani machanga. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia, ukiwa umefunika pua na macho. Majimoto, wale sisimizi wekundu, ukiwakuta mtini waache. Wanauma, lakini wanawala mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi.

Hatua ya 5: Kula

Mti wa kubebesha hukuonjesha mapema, mwaka wa pili au wa tatu. Usichume, subiri bibo lianguke lenyewe. Korosho itenge, ianike juani hadi ukiitikisa isikike ikicheza ndani.

Kaanga nje, kwenye bati kuukuu lililotobolewa, nawe ukae upande upepo unakotoka. Mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake huumiza macho, na kamwe usimege korosho mbichi kwa meno. Koroga bila kuacha hadi maganda yashike moto, mwaga zote kwenye mchanga, zifunike zizimike. Paka mikono majivu, bangua moja moja kwa kipande cha mti. Ngozi ya ndani hutoka kirahisi ukizianika tena kidogo.

Bibo nalo lina raha yake. Likate vipande, nyunyiza chumvi kupunguza ukakasi, au likamue na kuchuja. Juisi hiyo inywe siku hiyo hiyo, ikilala inachacha. Na ukitaka kuujua mti wako vizuri, kaanga korosho zake peke yake, pembeni kaanga za mkorosho wa zamani wa jirani, uzionje zikiwa bado vuguvugu. Ule utakaokupendeza zaidi ndio wa kuukatia vikonyo msimu ujao.