Taipureta inayojiandika: namna ya kuiandaa kwa tamthilia kuhusu majini

Nilichapa mitihani ya shule miaka 19 hapa Mikindani. Kwa hiyo vijana wanaorekodi tamthilia kuhusu majini kwenye magofu waliponijia, "Shangazi, tunataka mashine inayojiandika yenyewe," nilijua pa kuanzia.

Tafuteni taipureta ya mkono, siyo ya umeme. Katika Fringe, tamthilia ya Marekani iliyoanza 2008, watu huwasiliana na ulimwengu mwingine sambamba na wetu kwa taipureta ya umeme, Selectric 251, toleo ambalo kampuni ya IBM haikuwahi kulitengeneza, na jibu huonekana kwenye kioo. Inapendeza, lakini Selectric halisi, ile ya 1961, ina tufe dogo moja linalobeba herufi zote. Vijana wangu walitaka vyuma virukeruke kama miguu ya kaa.

Ya kwetu ni Olympia iliyolala stoo, chumvi ya bahari imeshaila. Mswaki mkavu, spiriti, kitambaa, basi. Pale vyuma vya herufi vinapojipanga msitie mafuta: hunasa vumbi, herufi zikipanda hazishuki. Nilisema mara tatu, bado mmoja akatia ya kupikia. Tulikesha tukisafisha.

Mwigizaji akitakiwa achape na karatasi ibaki tupu, pembeni kuna kiwiko kidogo chenye alama nyeusi, nyekundu na nyeupe. Wekeni nyeupe. Hiyo ni ya stensili, karatasi ya nta ya kudurufia, tuliyotobolea mitihani: utepe hauinuki, herufi inagonga bila wino. Jibu la jini chapeni kabla kwenye karatasi nyingine, lirekodiwe kwenye kioo peke yake, kisha mgeuze picha kwenye simu, maana kioo kinapindua maandishi.

Ya kujiandika inataka mshipi wa kuvulia. Rudisheni kiwiko kwenye nyeusi, fungeni mshipi kwenye mkono wa chuma chini ya kila herufi mnayoitaka, upitisheni kwenye tundu la meza, mtu akae chini avute. Rola litasogea lenyewe, lina springi. Vuteni moja moja. Mbili pamoja zinakwama. Mshipi unang'aa kwenye taa, upakeni masizi. Na chagueni neno fupi. Sisi tulichukua NJOO: herufi nne, mishipi mitatu.

Mvutaji wetu alikuwa na mafua. Akapiga chafya, ikatoka O ya tatu. Mwongozaji kasema ibaki hivyo hivyo.