Duka la babu kwenye nyaraka: anza na deni

Mwenye duka dogo wa Tanga, Ujiji au Ng'ambo ya Unguja miaka ya 1930 aliuza chumvi, mafuta ya taa na kaniki, jioni akafunga mlango. Hakuna aliyekaa kumwandikia historia. Serikali ilimkumbuka ilipotaka ada ya leseni, alipopelekwa mahakamani kwa deni, na alipofariki akaacha mali ya kugawa. Nimewasaidia watu kadhaa kwenye kazi hii, na siku hizi naanzia kwenye deni kabla ya kulitafuta duka lenyewe.

Hatua ya 1: Wazee, ila uliza vizuri

Ukimuuliza shangazi "babu alifanya biashara gani?" atakujibu "alikuwa na duka," basi. Muulize mali aliichukua kwa nani. Jirani zake wa kushoto na kulia walikuwa akina nani? Nani alikuwa akimwandikia hesabu? Alipofariki, ni wadai gani waliojitokeza matangani? Hapo maneno yatatoka. Mara nyingi litatajwa jina la tajiri wa jumla aliyekuwa akimpa mali kauli: chukua leo, uza, pesa ulete baadaye. Jina hilo lishike sana. Tajiri alikuwa na wakili, hati na kesi, kwa hiyo yeye anaonekana kwenye karatasi kuliko babu, na babu yumo kwenye karatasi zake.

Majirani nao si porojo. Hati nyingi za zamani za nyumba za pwani zinaeleza mipaka kwa kutaja nyumba ya nani iko upande gani.

Kisha omba sanduku lifunguliwe. Leseni, risiti, daftari la madeni, barua ya mirathi: vyote vipige picha pande mbili, maana mihuri na majina ya mashahidi hupenda kukaa nyuma.

Hatua ya 2: Jina kwa kila sura

Mtu yuleyule anaweza kuwa Juma bin Salum kwenye leseni, Juma Salimu kwenye kesi, na Juma Mnyamwezi kwenye daftari la tajiri. Makarani wa Kijerumani waliandika J yetu kama Dsch, kwa hiyo mtafute Dschuma pia. Na Y yetu waliiandika J, Yusufu akawa Jussuf. Tengeneza orodha ya sura zote kabla hujatoka nyumbani.

Hatua ya 3: Gazeti la Serikali

Kwa Kenya una bahati. Gazeti rasmi lilianza 1899, na matoleo mengi yamo Google Books, unayatafuta kwa neno. Angalia matangazo ya mirathi, ya ushirika kuvunjwa, ya kufilisika na ya biashara kuuzwa. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na magazeti yao, ila kwa hayo jiandae kupekua kurasa kwa mkono.

Babu usitegemee kumkuta hapo. Mtafute tajiri wake. Akiwa amefilisika, andika mwaka na mahakama, kwa sababu jalada la kufilisika hutakiwa kuwa na orodha ya wadai na wadaiwa.

Hatua ya 4: Chumba cha nyaraka

Kwa Unguja na Pemba, nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Kwa Tanzania Bara ni Upanga, Dar es Salaam, na huko kuna majalada ya wakati wa Mjerumani (mwandiko wake wa mkono utakutoa jasho, tafuta msomaji). Kwa Kenya ni Moi Avenue, Nairobi. Uliza masharti ya kuingia kabla ya kusafiri.

Omba kwanza mafaili ya mirathi. Humo ndimo utaliona duka lenyewe: mizani, pishi, nusu gunia la mchele, vipande vya kaniki, debe la mafuta, kila kimoja na thamani yake, halafu majina ya waliokuwa wakimdai marehemu. Ukurasa wa madeni nausoma kabla ya ukurasa wa mali. Ndio unaoonyesha mali ilitoka wapi, na mtu aliaminiwa kiasi gani.

Kwenye kesi za madai kuna mtego. Tanganyika ilikuwa na sheria ya 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: asiye mwenyeji hakuweza kumdai mwenyeji mahakamani bila idhini ya serikali ya maandishi. Mali kauli iliendelea kwa mdomo tu. Kwa hiyo ukikosa kesi ya babu Mwafrika, usiseme hakuwa mfanyabiashara.

Namba ya jalada iandike palepale, kamili.

Hatua ya 5: Pesa, vipimo, tarehe

Kenya na Tanganyika ziliacha rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Zanzibar iliendelea nayo hadi 1936, ikabadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini. Rupia ya Mjerumani ilikuwa pesa 64, na kuanzia 1904 ikawa heller 100. Frasila ni kama kilo 16, pishi ni vibaba vinne. Karatasi za hati ya Kiarabu zina tarehe za Hijria: mwaka 1340, kwa mfano, ulianza Septemba 1921. Nakili kama ilivyoandikwa, ubadilishe pembeni.

Hatua ya 6: Duka lilikwishaje

Wengi husahau kuuliza hili. Likiwa lilifungwa Unguja, uliza kama ni kabla au baada ya Januari 1964. Likiwa lilifungwa kijijini Bara katikati ya miaka ya 1970, uliza habari za Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa kupisha maduka ya ushirika ya vijiji. Hapo acha kumtafuta babu kwa jina lake, utafute kumbukumbu za kijiji na za wilaya za mwaka ule.