Vitenzi vya Kifaransa: kata silabi mara mbili

Anayejua Kiswahili amezoea kwamba kilichoandikwa kinasomwa chote, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza akikutana na *ils parlent* (wanaongea): anasoma "parlenti". Mimi huwafundisha wanafunzi kukata kila kitenzi mara mbili, kwanza kwa kalamu, kisha kwa mdomo. Hapa chini õ na ã ni sauti zinazopita puani, na hadi hatua ya 4 matamshi na hesabu ya silabi ni ya kitenzi pekee, bila kiwakilishi.

1. Kata kwa kalamu. Konsonanti iliyo peke yake kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: *fi-nir*. Zikiwa mbili hugawana: *par-ler, fi-nis-sons*. Usitenganishe ch, gn, ph, wala jozi kama bl, pl, tr, dr: *a-che-ter, ga-gner, en-trer*.

2. Futa miisho bubu. *Je parle, tu parles, il parle, ils parlent*: zote nne ni "parl", silabi moja tu. Ile -ent ya nafsi ya tatu wingi haitamkwi. Linganisha nomino *le président* (rais), "pre-zi-dã", na kitenzi *ils président* (wanaongoza kikao), "pre-zid". Herufi zilezile!

Ila mwisho bubu una kazi: unaifanya konsonanti iliyotangulia isikike. *Il part* ni "par", *ils partent* ni "part". *Il finit* ni "fi-ni", *ils finissent* ni "fi-nis". Ukiimeza hiyo t au s, wingi umepotea. (Kusini mwa Ufaransa, Marseille kwa mfano, e ya mwisho husikika kidogo. Ukiwasikia, usidhani nimekudanganya.)

3. Rudi kwenye kalamu upate alama. *Nous a-che-tons* hutamkwa "ash-tõ", e ya katikati inamezwa. Lakini katika *j'a-chè-te* silabi ya mwisho ina e bubu, kwa hiyo iliyo kabla yake lazima ipate nguvu: è, "a-shet". *Appeler* hupata nguvu hiyo kwa kurudia konsonanti: *j'ap-pel-le*. Marekebisho ya tahajia ya 1990 yalivielekeza vitenzi vya -eler na -eter kwenye è, yakawaacha *appeler*, *jeter* na jamaa zao na konsonanti mbili.

4. Angalia i iliyo mbele ya irabu. *Vous parliez* ni silabi mbili, "par-lye". *Vous entriez* ni tatu, "ã-tri-ye", kwa sababu tr na y haziwezi kubanwa pamoja.

5. Unganisha na kiwakilishi. *Il aime* ni "i-lem". *Ils aiment* ni "il-zem". Hiyo z ndiyo alama pekee ya wingi. Mkazo uweke kwenye silabi ya mwisho, si ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea.

Jaribu kwa sauti, polepole kisha haraka: *elle arrive*, "e-la-riv", *elles arrivent*, "el-za-riv".