Redio ya glaida Uingereza: leseni ya ndege haikulindi ukiwa umesimama kwenye nyasi

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kama wewe au mtoto wako mmejiunga na klabu ya glaida, zile ndege zisizo na injini, someni hapa kabla hamjashika redio.

Nilinunua redio ya mkononi ya ndege, nikaomba leseni ya redio ya kubebeka ndegeni, ikatoka. Nikajua nimemaliza. Miezi mitatu nikawa nasaidia kwenye winchi, mashine inayovuta glaida kwa waya hadi ipae, nikiwaambia marubani waya uko tayari. Jumamosi moja mzee wa klabu akaomba kuiona ile karatasi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: chombo kitumike ndani ya ndege. Mimi nimevaa gambuti, nimesimama kwenye matope. Nikaondolewa zamu za uwanjani wiki sita na kuandikishwa maelezo.

Narudia: leseni ya ndege haikupi ruhusa ya kuongea kutoka ardhini. Redio ni ileile, masafa ni yaleyale, lakini ukishuka chini wewe ni stesheni ya ardhini, na hiyo ina leseni yake kutoka Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza. Bila leseni hiyo, Sheria ya Mawasiliano ya Redio (Wireless Telegraphy Act) ya mwaka 2006 inakuhesabu mkosaji wa jinai.

Na sheria hiyo si ukorofi. Redio za ndege hutumia AM, na watu wawili wakibonyeza pamoja husikika mlio tu. Masafa ya glaida yanatumiwa na klabu nyingi kwa pamoja. Rubani aliye juu husikia mbali mno, kwa hiyo porojo zako za uwanjani zinaweza kumziba mwenzake anayetaka kutua.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi: muulize katibu kama leseni ya ardhini ya klabu inagusa redio yako na gari lako, kama haigusi, jaza fomu ya Ofcom mtandaoni, lipa, subiri.

Kilichoniuma ni kwamba wote walikuwa wakiniona. Huku mtu atakuambia kwa upole, "labda ungependa kuangalia leseni yako," nawe unadhani ni ushauri. Ni amri. Kwetu ningefokewa siku ya kwanza, na ingenisaidia.

Binamu zangu wa Arusha nao, nawapenda, lakini acheni kuniagiza "redio mbili za walinzi wa shamba". Redio kama yangu ni za masafa ya ndege, megahezi 118 hadi 137, na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko jirani hapo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, mnaijua. Siweki kitu hicho kwenye begi la mtu.

Nasema tena: usibonyeze kabla hujaona leseni ya ardhini kwa macho yako. Na ukinunua redio iliyotumika, hakikisha inafikia mgawanyo wa kilohezi 8.33, yaani nafasi kati ya chaneli moja na nyingine; za zamani za kilohezi 25 bado zinauzwa rahisi mitandaoni, na muuzaji hatakuambia.