Kupima ushahidi wa kumtambua mshukiwa usiku: hatua ninazozifuata mimi

Juzi nilikaa na wakili mchanga aliyekuwa akiandaa utetezi wake wa kwanza wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Daftarini aliandika: "Shahidi anatokwa jasho, haangalii watu usoni. Mwongo." Nilimwambia afute. Kizimbani nani hatokwi jasho? Na wengi wetu tumelelewa kutomkazia macho mkubwa.

Hatua ya 1. Anza kwa kumwamini shahidi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema katika kesi ya Goodluck Kyando (2006) kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka ipatikane sababu nzito ya kutomwamini.

Hatua ya 2. Weka maelezo yake ya polisi kando ya ushahidi wake wa mahakamani. Tumia karatasi na kalamu. Ukinakili kwa mkono, tofauti zinajitokeza zenyewe. Saa mbili na saa mbili na nusu, achana nazo. Ila kama kule polisi shahidi alisema "sikuwatambua" na leo anataja jina na ukoo, hapo simama.

Hatua ya 3. Mwanga. Kesi ya Waziri Amani (1980) inakupa maswali: alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla? Usikubali jibu la "kulikuwa na taa". Taa gani, iliwekwa wapi, kioo kilikuwa na masizi, mtu alisimama upande gani wake? Kama ni kurunzi, ilikuwa mkononi mwa nani? Ikiwa mwizi ndiye aliyemmulika shahidi, basi ilimpofusha.

Niliwahi kuwa na shahidi mama mtu mzima, mtulivu, asiyeyumba kwa swali lolote. Alisema chemli ilikuwa sakafuni, karibu na kitanda. Usiku ule nilizima umeme nyumbani, nikaweka chemli chini hivyo hivyo, nikamsimamisha mdogo wangu mlangoni. Nilihangaika nayo mpaka saa sita. Kandambili niliziona, pindo la suruali pia. Uso ulikuwa giza tupu. Mama yule hakudanganya. Aliamini kabisa alichokisema, na ndiyo maana dalili za uongo hazikunisaidia kitu. Jaribio kama hilo si ushahidi, lakini linakuonyesha cha kuuliza. Na "namfahamu miaka yote" isikutulize: hata ndugu wa damu hufananishwa na mtu mwingine gizani.

Hatua ya 4. Alimtaja lini, na kwa nani? Kesi ya Marwa Wangiti Mwita (2002) inathamini kumtaja mshukiwa mapema. Akichelewa, uliza sababu kwanza: huenda alikuwa amelazwa, au alitishiwa.

Hatua ya 5. Usihesabu vichwa. Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Majirani watano waliokesha wakisimuliana mpaka asubuhi huja na simulizi moja, hivyo muulize kila mmoja alichokiona yeye kabla majirani hawajakusanyika.