Jinsi ya kulinganisha viwanja vya gofu bila kudanganywa na mandhari

Ukiuliza watu kati ya kiwanja cha Muthaiga cha Nairobi na cha Vipingo cha Kilifi kipi kizuri utaletewa picha tu, huyu anasifia miti yule anasifia mibuyu na upepo wa bahari, sasa wewe unayetaka kujua utalipia ada ya kucheza wapi unabaki palepale. Viwanja vinalinganishika vizuri kabisa ila lazima ujue unaangalia nini, na zaidi ya yote uulize ugumu huo ni wa nani.

Anza na skokadi, ile kadi ya kuandikia alama, manake ni bure. Kila tii, yaani sehemu ya kuanzia kupiga, ina namba mbili. Ya kwanza ni kozi retingi, yaani mikwaju ambayo mchezaji mkali wa hendikapu 0 (hendikapu ni mikwaju ya nyongeza unayopewa kulingana na uwezo wako) anategemewa kupiga siku akicheza vizuri. Ya pili ni slopu, inaanzia 55 mpaka 155 na 113 ndio ya kawaida, hii inaonyesha kiwanja kinamuumiza mchezaji wa kawaida kiasi gani kuliko yule mkali. Watu wengi wanaangalia retingi peke yake halafu wanashangaa. Chukua viwanja viwili vyote paa 72 (paa ni mikwaju iliyopangiwa kiwanja au shimo) na retingi 72, kimoja slopu 125 kingine 140, wewe hendikapu yako 20: zidisha 20 kwa slopu ugawanye kwa 113, cha kwanza utapewa mikwaju 22 cha pili 25. Yule mkali kwake ni sawasawa tu, wewe tayari una mikwaju mitatu ya tofauti.

Urefu nao usiuchukue hivihivi. Nairobi iko juu, mita 1,600 na zaidi, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kwa asilimia 5 au 6 hivi kuliko pwani, kwa hiyo kiwanja cha yadi 7,000 Nairobi kinachezeka kama cha yadi 6,600 huko Kilifi. Na pwani kuna upepo, shimo ulilopiga kirahisi wakati wa kaskazi ukirudi wakati wa kusi utadhani ni shimo jingine kabisa, sasa mtu akikwambia kiwanja fulani cha pwani ni rahisi muulize kwanza alicheza mwezi gani.

Kwenye nyasi ndiko mimi huwa nakaa muda mrefu, na naona ndiko watu wanapuuza sana. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina kikuyu, nyasi ya hukuhuku kwetu yenye majani mapana na matambazi manene. Kwenye feawei, ile njia iliyokatwa vizuri, ni raha, mpira unakaa juu kama umeuwekea kijiti cha tii, lakini haubingiriki sana. Ukiingia kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, ndio utaijua, mpira unazama chini, fimbo ikipita nyasi inaikamata shingoni uso unajifunga na mpira unakimbilia kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Na ile chipu, pigo fupi la kudundisha kabla ya griini (eneo la nyasi fupi lenye shimo), kwenye kikuyu inakufa palepale, lazima uirushe itue griini kwenyewe. Kabla ya kucheza dondosha mpira kwenye rafu karibu na griini ya mazoezi uone unazama kiasi gani, hiyo peke yake inakwambia mengi kuliko sifa za mtu.

Griini angalia vitu viwili. Kwanza, alama za mipira iliyotua, kama ni mashimo mashimo yasiyotengenezwa basi hata pati nzuri, yaani pigo la kubingirisha mpira kuelekea shimoni, itarukaruka. Pili, nyasi imelala upande gani: chungulia ukingo wa shimo lenyewe, upande mmoja utakuwa umekatika vizuri na mwingine umechakaa, huko kulikochakaa ndiko nyasi inakoelekea. Griini ya nyasi aina ya bamuda yenye kulala sana ni ngumu kusoma hata ikiwa tambarare. Halafu linganisha viwanja msimu mmoja, si haki kupima hiki mwezi wa 2 jua kali feawei ngumu na kile mwezi wa 4 mvua za masika.

Mchoro sasa. Angalia zile paa 3, zinakutaka fimbo tofauti na zimeelekea pande tofauti au zote ni fimbo ileile ya aini 7? Mabanka je, yale mashimo ya mchanga, yapo pale mpira wako unapotua au yamewekwa tu yapendeze? Kwangu mimi mchoro mzuri unampa anayethubutu njia fupi yenye hatari na unamwachia mwenye nguvu kidogo njia ndefu ya kuzunguka, kiwanja ambacho kila shimo lazima uruke maji hata uwe nani nakishusha daraja bila kuona aibu.

Kedi, yule anayekubebea fimbo, usimuulize kama kiwanja ni kigumu, atakwambia kigumu tu. Muulize mipira inapotelea shimo namba ngapi na upande gani, ukishajibiwa mashimo matatu manne utajua kama kosa dogo linalipiwa mkwaju mmoja au mpira mzima.

Kama mnaenda na mama au mzee, soma namba za tii yao na sio ya kwenu, kuna viwanja tii za mbele ziliwekwa bila kufikiria na retingi yake inawaumbua.