Mti wenye alama tatu, kwa sisi tulio chini ya mto

Huku Mabogini, chini ya mji wa Moshi, mto Rau unaweza kutufurikia jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha mlimani na maji huchukua muda kushuka. Jirani mmoja kanifundisha hili masika haya: muombe ndugu au rafiki anayeishi juu, upande wa Uru, asimike mti ulionyooka pembeni mwa mto na kuupaka alama tatu za rangi, kutoka chini kwenda juu: kijani, njano, nyekundu. Maji yakigusa njano, anapiga simu; yakigusa nyekundu, mnaondoka. Usimwambie "angalia kama mto umejaa", maana kujaa kwa mtu mmoja si kujaa kwa mwingine. Rangi haibishaniwi.

Unashindwa lini? Usiku, kama hakuna mtu wa zamu. Magogo yakiziba darajani, maji hupanda kwenu huku mti wa juu haujaonyesha kitu. Na simu ikizimika. Kwa hiyo wekeni watu wawili, sio mmoja.

Wenye ndugu Pangani wapeni njia hii, ila waongeze jambo moja: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hupanda zaidi na kuyazuia maji ya mto yasitoke. Siku hizo rangi ya njano wao waichukue kuwa nyekundu. Wazee, watoto na magunia ya mbegu viondoke kwanza.